Sura ya pili imerudishwa: natafutaje vyanzo vya utafiti wa shahada ya kwanza?

Mwani_Mwaka3

Habari zenu wakuu, na shikamooni walimu mlio humu.

Nasoma shahada ya sayansi ya mazingira, niko mwaka wa mwisho. Mada yangu ni "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Zanzibar". Msimamizi amerudisha mapitio ya machapisho na kuandika pembeni: "Vyanzo ni blogu na magazeti. Pengo la utafiti liko wapi?" Yaani anataka nionyeshe jambo ambalo wengine bado hawajalichunguza. Nikiandika mada nzima kwenye Google, yanayokuja hayanisaidii. Makala nzuri zinadai malipo kwa dola. Programu ya akili mnemba imenipa orodha ya marejeo, lakini mengine siyaoni popote. Nianzie wapi?

Mkutubi_Pwani

Marahaba mdogo wangu. Tatizo linaanzia kwenye mada, imebeba mambo mengi kwa mpigo. Igeuze iwe swali lenye kitu kinachopimika. Mfano: joto la maji ya kina kifupi linahusianaje na kufa kwa mwani wa cottonii pwani ya mashariki ya Unguja? Hapo una dhana tatu: joto, cottonii, Unguja. Chora jedwali la safu tatu, na chini ya kila dhana andika majina yote ambayo mtafiti mwingine angeweza kuyatumia.

Kwenye majina ndipo wengi wanapokwama. Mnunuzi anasema cottonii, mtafiti anaandika Kappaphycus alvarezii, makala za zamani zinaandika Eucheuma cottonii, na ripoti ya mradi inaandika seaweed basi. Ukitafuta kwa jina moja, zile nyingine hutaziona hata kama zinajibu swali lako moja kwa moja. Ule ugonjwa wa mwani kugeuka mweupe na kukatika, wenzako wanauandika ice-ice. Mahali nako kuna mtego: mmoja ataandika Zanzibar, mwingine Unguja, mwingine Tanzania, mwingine Western Indian Ocean.

Kisha ingia Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za kitaaluma, uandike hivi:

"Kappaphycus alvarezii" OR cottonii Zanzibar temperature

Alama za nukuu zinafunga maneno yakae pamoja. OR iwe kwa herufi kubwa, ikiwa ndogo inachukuliwa kama neno la kawaida. Alama ya kutoa ikibana neno inaliondoa, kwa mfano -Philippines, ila itumie kwa hadhari: makala ya Zanzibar inayojilinganisha na Ufilipino nayo itapotea. Kinyota cha kukata neno ili miisho yake yote itafutwe, kama seaweed*, kinafanya kazi kwenye kanzidata za makala kama Scopus na Web of Science, Scholar usikitegemee. Matokeo yakiwa mengi mno, ongeza dhana. Yakiwa machache, punguza dhana au ongeza majina mbadala. Wengi hufanya kinyume: wakikosa, wanazidi kurefusha sentensi.

Ukishapata makala moja inayogusa swali lako barabara, weka maneno kando. Pitia orodha ya marejeo yake, hapo unarudi nyuma. Halafu bofya "Cited by" chini ya jina lake kwenye Scholar, uone waliokuja baadaye wakaitumia. Makala tatu nzuri zikifuatwa hivyo pande zote mbili hukupa karibu mtandao mzima wa mada ndogo kama hii.

Mwani_Mwaka3

Ahsante sana mwalimu. Na hizi za kulipia?

Daktari_wa_Majarida

Usilipe, dada. Fuata mpangilio huu. Kwenye Scholar tazama kulia kwa jina la makala kama kuna kiungo cha PDF, kisha bofya "All versions" chini yake. Mara nyingi nakala iko kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Ikishindikana, weka kiongezi cha Unpaywall kwenye kivinjari chako. Ni cha bure, na kinakuonyesha kama kuna nakala halali iliyo wazi.

Hatua inayosahaulika ni maktaba ya chuo chako. Uliza kama chuo kimesajiliwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama zetu makala za kulipia bure au kwa bei nafuu. Nywila hupewa taasisi, kwa hiyo mwombe mkutubi akuelekeze namna ya kuingia. Ndani kuna makusanyo matano. Yako ni AGORA ya kilimo na OARE ya mazingira. Wanaosoma afya wanakwenda Hinari, sheria GOALI, teknolojia ARDI.

Kwa utafiti wa kwetu pita pia African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, na hasa jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science. Ukikosa kote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari minne: wewe nani, unasoma wapi, unaomba makala ipi, ahsante. Wengi hutuma.

Mhakiki

Naongeza kwa aliyesema hapo juu: jarida kuwamo kwenye hifadhi fulani si hati ya ubora. Soma sehemu ya mbinu: walipima vituo vingapi, kwa muda gani, kwa kifaa gani. Makala iliyopima joto wiki mbili za Februari haiwezi kukuambia lolote kuhusu mwaka mzima.

Kuhusu marejeo ya akili mnemba: programu hizo huunda jina la makala linalofanana na la kweli, na wakati mwingine hubandika mwandishi wa kweli juu ya makala isiyokuwapo. Chukua DOI, ile namba inayoanza na 10., uiweke doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, futa. Kama haina DOI, tafuta jina zima la makala kwenye Scholar ndani ya alama za nukuu. Usiweke kwenye orodha kitu ambacho hujakifungua kwa macho yako.

Takwimu nazo zifuate hadi chanzo. Ukiandika kuwa Zanzibar ina watu 1,889,773, taja ripoti ya Sensa ya 2022, si blogu iliyoinukuu.

Mkutubi_Pwani

Sahihi kabisa. Nimalizie na lile la pengo, maana ndilo msimamizi alilouliza.

Fungua daftari la utafutaji: tarehe, kanzidata, maneno uliyoandika, matokeo mangapi, umebakiza mangapi. Makala zihifadhi Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo; ingiza kwa DOI badala ya kuchapa, kisha kagua majina na mwaka, kwani taarifa huja na kasoro. Chochote unachonakili neno kwa neno kiwekee alama za nukuu na namba ya ukurasa palepale. Wizi wa maandishi mwingi unaanzia kwenye daftari lisiloonyesha maneno ya nani ni yapi.

Halafu tengeneza jedwali: kila makala mstari wake, safu ziwe mwandishi na mwaka, eneo, aina ya mwani, kilichopimwa, muda, matokeo. Likifika mistari kumi na tano hivi, lisome kwa kushuka safu moja moja. Ukikuta safu ya eneo imejaa kijiji kilekile, au hakuna aliyepima joto na ukuaji kwa pamoja msimu wa kusi, hapo umeliona. Liandike likiwa na mipaka: "Katika machapisho yaliyopitiwa, hakuna utafiti uliopima…" Usiandike "hakuna utafiti uliowahi kufanyika", kwa sababu msimamizi ataleta mmoja, na sura itarudi tena.