Sauti ni ile ile, mbona nilisikia hasira?

Fundi_Kayole: Wadau, nishaurini. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kayole. Mwezi wa tatu daktari aliniambia nina unyogovu, ile depression, akanianzishia dawa. Kabla ya hapo nilidhani masikio yameziba. Mteja akiuliza, "Mama, ile sare imeisha?" nasikia ananigombeza. Baba Njeri akisema "Umekula?" nasikia "Umekula tena?" Kwenye matatu ndiyo sishiki neno. Nikapimwa masikio, mazima kabisa, na pesa yangu ikaenda.

Sasa kilichonishtua. Dadangu alinitumia sauti kwa WhatsApp, sekunde 11: "Haya, na wewe utakuja lini? Ama mpaka nikufuate?" Nililia, nikamnunia wiki tano. Juzi nikitafuta namba ya mteja kidole kikaibonyeza. Kumbe anacheka! Pale mwisho kuna kicheko, na mtoto wake nyuma anaitisha chapati. Kuna mwingine yamempata, ama ni mimi tu?

Jirani_Rongai: Umetupiwa kitu, dada. Tafuta maombi.

Muuguzi_wa_Usiku: Maombi sawa, dawa usiache. Sikio hupokea tu. Ubongo ndio unaoamua huyu amekasirika au anatania, kwa kufuata kupanda na kushuka kwa sauti. Sauti ikiwa vuguvugu, si furaha si hasira, unyogovu huivuta upande mbaya.

Na kwenye matatu usilaumu injini, laumu wale wawili wanaopiga domo kiti cha nyuma. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilichapisha utafiti kuhusu hilo 2015: wenye dalili nyingi za unyogovu walilemewa maneno yalipochanganyika na maneno ya watu wengine. Kelele tupu haikuwasumbua kuliko wenzao. Hapo kibandani kuna redio?

Juu_Chini: Mimi nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana halafu kushuka chini sana. Nikiwa chini nasikia kama wewe. Nikiwa juu, mama! Mwaka jana mkubwa wangu alinionya mbele ya watu, mimi nikasikia sifa. Nikamkumbatia.

Fundi_Kayole: @Juu_Chini umenichekesha hadi sindano imenidunga. Redio ipo, ya muuza viatu jirani, porojo kutwa. Nimemwomba aweke benga, amekataa, ati kuna mechi.

Dadangu nimempigia. Wiki tano zote alidhani nimekasirikia sufuria yangu aliyoiunguza Krismasi.