Tuta la ukutani mtindo wa Mediterania, Mbezi Beach: nipande nini nisimwagilie kila siku?

Kona_ya_Ukuta: Wakuu, naomba ushauri. Tuta lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.2, chini ya ukuta unaotazama magharibi, kwa hiyo jua ni kali kuanzia saa saba mchana mpaka linapozama. Juu ni kichanga, ukichimba nusu mita unakuta mfinyanzi, na masika maji hutuama siku mbili tatu. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nataka ule mwonekano wa Mediterania: kokoto, majani ya rangi ya majivu, zambarau na nyeupe. Orodha yangu: lavenda, rozmari, mzeituni mmoja, bogenvilia.

Mama_Miche: Lavenda ifute. Kule kwao mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu. Kwetu masika huja na joto na unyevu pamoja, mizizi inaoza, kichaka kinanyauka kuanzia katikati. Mtu anadhani ina kiu, anaongeza maji, ndiyo anaimaliza. Lushoto, kule kwenye baridi ya milimani, ina nafasi, Mbezi hapana. Mzeituni utaota, ila bila majira ya ubaridi usitegemee zeituni. Ukiupenda kwa umbo tu, uweke kwenye chungu kikubwa.

Chukua rangi na maumbo, majina yaache. Zambarau utaipata kwa Tradescantia pallida, ile yenye majani ya zambarau yanayotambaa. Kipande cha sentimita 10 kikichomekwa ardhini kinashika. Bluu hafifu ni maua ya kichaka cha plambago. Majani ya kijivu ni mishubiri na agave. Mkonge wenyewe usiuweke kwenye tuta la mita 1.2, ncha zake zitachoma watoto. Tafuta Agave attenuata isiyo na miiba. Mchaichai nao ni nyasi nzuri ya pambo, tena unakunywa.

Bogenvilia 4 zinatosha, mita 3 baina ya shina na shina, sentimita 50 kutoka ukutani. Mbele yake plambago na agave kwa nafasi ya mita 1 kati ya mche na mche, mishubiri na rozmari sentimita 60, ukingoni tradescantia sentimita 30. Ukijaza zaidi ya hapo ili papendeze haraka, baada ya mwaka utashinda na mkasi.

Fundi_Mawe: Miche baadaye, kwanza maji yatoke. Inua tuta sentimita 30 kwa ukingo wa mawe ya matumbawe, na uache tundu lisilo na saruji kila mita 1. Hiyo ni kama mita za ujazo 4.3 za mchanganyiko: udongo sehemu 2, mchanga mnene wa mto sehemu 1, samadi iliyooza nusu sehemu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi ya kisima inakutosha.

Ila udongo ulioinuliwa usiegemee plasta! Unyevu utapanda, rangi itabanduka. Acha nafasi ya sentimita 15 na uijaze kokoto, au paka lami sehemu ya ukuta itakayofunikwa.

Juu weka kokoto za nusu inchi, unene wa sentimita 5. Ni kama ndoo 36 za lita 20. Zisigusane na shina la mche.

Kusi_Kaskazi: Naongezea ndago, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini, maana ndiye atakayeamua kama hiyo bustani ni ya kazi kidogo au la. Watu hutandika nailoni chini ya kokoto. Ndago anaitoboa kama sindano, na mvua ikinyesha maji hayapiti, mnaozesha mizizi kwa gharama zenu. Kabla ya kuinua tuta, lowanisha ardhi, subiri wiki mbili ichipue, chimba sentimita 25 na uokote vile viazi vyake kimoja kimoja. Rudia mara tatu. Ukimkata majani tu, kiazi kinachipua upya.

Na kichaka cha iksora usikiweke hapo hata ukipewa bure. Matumbawe na vifusi vya saruji vina chokaa, iksora haipati madini ya chuma, majani yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Kona_ya_Ukuta: Nimewaelewa. Nipande lini? Na bogenvilia za huku mtaani mbona ni majani matupu?

Mama_Miche: Bogenvilia na plambago panda mwanzoni mwa masika, mvua ikulelee. Mishubiri, agave na rozmari subiri Juni, upepo wa kusi ukishaanza na ardhi kupungua maji. Jeraha la mzizi likikutana na tope la Aprili linaoza.

Majani matupu ni maji mengi na mbolea ya naitrojeni, yurea hasa. Ikishashika mizizi, acha udongo ukauke ndipo umwagilie, na kata matawi kila maua yanapokwisha kwa sababu inachanua kwenye machipukizi mapya.

Miche ya Juni ipe lita 2 kila baada ya siku tatu kwa mwezi mmoja, kisha mara moja kwa wiki, lita 5 kwa mkupuo. Maji ya chumvi mwaga shinani, yakikauka juu ya majani yanayaunguza kingo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, suuza kwa maji ya mvua au ya bomba, ndoo nzima kwa kila mche.

Kusi_Kaskazi: Rozmari nunua miche miwili ya ziada. Hata ukifanya yote sawa, masika itaondoka na mmoja.