Eti Juma hajui pikipiki inawashwaje!!! Mtunzi nirudishie elfu mbili yangu

Spana10:
Wakuu mnisamehe, naandika vidole vinatetemeka. Yule mtunzi wetu, simtaji, mnamjua, yule wa "mwendelezo njoo inboksi, tuma na ya kutolea", leo kanitukana mimi na ukoo wangu wote.

Nimemlea Mwajuma sehemu 37. Thelathini na saba! Binti ambaye mtaa mzima unamwita Juma, anashinda gereji na suruali ya kaka yake, spana namba 10 kaing'ata mdomoni, pikipiki ikipita anasikia tu mlio anasema "hiyo plagi imelowa". Sehemu ya 9 umeme ulikatika akafungua injini gizani kwa kupapasa. Nilimpenda kuliko wadogo zangu wa kuzaliwa. Halafu akaja Kelvin (lazima awe Kelvin, lazima awe na Prado, akina Shabani kwenye simulizi hawapendwi), wakagombana bei ya kubadilisha oili, mapenzi yakaanzia hapo, nikawa nachekacheka peke yangu kwenye daladala kama nimerogwa.

Leo sehemu ya 38. Harusi ya kaka yake. Juma kavaa gauni. Sawa, avae. Kapakwa wanja, kabandikwa wigi. Sawa. Foleni imekaza, wanaacha Prado, wanachukua pikipiki ya rafiki yake Kelvin, inazima njiani. Mimi huku nimeshakaa mkao, sasa atakunja gauni, sasa ataomba spana! Maandazi yanaungua kwenye karai, sijali. Na Juma, Juma yule yule wa gizani, anamtazama Kelvin, anarembua macho:

"Hivi hii inawashwaje?"

INAWASHWAJE!!! Kelvin anapiga kiki moja, inawaka. "Kumbe wewe ni mwanamke." ITAENDELEA.

Jamani gauni linafuta akili? Mimi nimekulia gereji ya baba, siku ya harusi yangu nimevaa shela la kuburuza na bado nilimwambia dereva mkanda wa feni unalia. Twiga Stars wamecheza AFCON ya wanawake 2010 kule Afrika Kusini, wakacheza tena ile ya 2024 iliyofanyika Morocco 2025. Kuna beki aliyevaa dera jioni, kesho yake akauliza mpira unapigwaje?

Inawashwaje. Kwa kiki, Juma. Kwa KIKI.

Mzee wa Kahawa:
Nimekuja na stuli yangu. Kwa hiyo umeunguza maandazi ya kweli kwa pikipiki ya kwenye hadithi?

binti_Mwambao:
Afadhali wewe elfu mbili. Mimi yule wa jini mahaba nimempa elfu tano. Mume kafa sehemu ya 12, kazikwa, watu wamekula pilau. Sehemu ya 15 yuko mezani anakunywa supu. Nikauliza, nikaambiwa "dada kuwa mvumilivu". Kisha nikablokiwa.

Spana10:
Pole, ila marehemu kunywa supu kuna nafuu. Huyu kasahau KIKI.

Mwalimu wa Zamu:
Haya hayakuanza leo. Louisa May Alcott wa Marekani aliandika Little Women, sehemu ya kwanza ikatoka 1868. Jo, binti wa kupiga mluzi na kukimbia hovyo, wasomaji wakamwandikia mtunzi barua wanataka aolewe na kijana jirani. Alcott akagoma. Sehemu ya pili, 1869, akamuoza kwa profesa wa Kijerumani aliyemzidi umri kwa mbali. Ila Jo hakuacha kuwa Jo. Ukitaka kumuoza jikedume, muoze na spana zake.

Mzee wa Kahawa:
Huyo profesa alikuwa na Prado?

Mwalimu wa Zamu:
Alikuwa na mwavuli.

chizi_freshi:
Uzi mrefu sijasoma. Kelvin kafa?

binti_Mwambao:
Akifa sehemu ya 39 mpe siku tatu, atarudi kunywa supu.

Boda wa Chanika:
Wakuu samahani, niko nje ya mada, nimeona watu wanaongelea pikipiki. Yangu asubuhi inawaka vizuri, ikishachemka nikiachia mafuta inazima. Nimechomoa plagi, nyeusi tii.

Mzee wa Kahawa:
Piga kiki. Kama haiwaki, vaa gauni.

Spana10:
Nyeusi imelowa au nyeusi kavu?

Boda wa Chanika:
Kavu mkuu. Kama masizi ya sufuria.

Spana10:
Mafuta yanazidi hewa. Chujio la hewa umesafisha lini?

Boda wa Chanika:
Lipo wapi?

Spana10:
Astaghfirullah. Fungua kifuniko cha ubavuni, chini ya siti. Likung'ute, usiloshe kwa maji. Plagi isugue kwa brashi ya waya, taratibu, usivunje ile kauri nyeupe. Ukimaliza niambie.

chizi_freshi:
Mimi yangu cheni inaruka. Na jirani kaazima pampu toka Ramadhani hajarudisha.

binti_Mwambao:
Majirani wafunguliwe uzi wao. Wangu ana blenda yangu.

Boda wa Chanika:
Mkuu! Limetoka vumbi la Chanika nzima. Nimewasha, nimeachia mafuta, dakika kumi haijazima! Mungu akubariki. Ngoja nisome uzi toka juu nijue mlikuwa mnaongelea nini.

Boda wa Chanika:
Kumbe wewe ni mwanamke?

Spana10:
Tuma elfu mbili. Na ya kutolea.