Wafanyakazi tisa wameondoka lakini leseni zao bado tunazilipia: tuhifadhije barua na mafaili yao?

Karani wa Kurasini (mtoa mada):
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na mbali na uhasibu nimekabidhiwa usimamizi wa Microsoft 365, huduma ya kulipia ya barua pepe na mafaili ya ofisi, kwa sababu tu ndimi niliyekuwa nikijua kubadilisha nywila. Tuko watu 26 lakini tunalipia leseni 35, kwa kuwa kila anayeacha kazi tunaiacha akaunti yake kama ilivyo tukihofia kupoteza nyaraka za mizigo. Leseni moja tunailipia dola 12.50 kwa mwezi, hivyo hizo tisa zinatutoa dola 1,350 kwa mwaka, na juzi mkurugenzi aliniletea ankara akiwa ameizungushia kalamu nyekundu. Kuzifuta naogopa: mwezi uliopita mteja alidai hati ya shehena ya mwaka 2022, nasi tuliipata katika barua za kijana aliyeondoka zamani. Nifanyeje?

Fundi Mitandao:
Kwa upande wa barua pepe usiumize kichwa. Geuza kila sanduku la barua la walioondoka liwe sanduku la pamoja (shared mailbox), yaani linalosomwa na watu kadhaa uliowaruhusu. Lisipozidi GB 50 halihitaji leseni. Zingatia utaratibu: geuza kwanza leseni ikiwa bado ipo, hakikisha barua zinaonekana, ndipo uiondoe. Ukianza kwa kuondoa leseni na kuliacha sanduku lilivyo, una siku 30 tu kabla ya barua kupotea. Mtumiaji mwenyewe usimfute, maana sanduku limeegemea akaunti yake. Mzuie tu asiweze kuingia. Ruhusa ya kusoma wape watu wawili au watatu, si ofisi nzima, kwani mwenye ruhusa kamili anaweza pia kufuta.

Bahari Kuu:
Aliyosema Fundi ni sahihi, ila yanaokoa barua peke yake, na hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Mafaili ya OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya kila mfanyakazi, hayamo ndani ya sanduku hilo. Kuanzia tarehe 27 Januari 2025, OneDrive ambayo mwenyewe hana leseni huondolewa kwenye matumizi baada ya siku 93, na kuifungua tena hulipiwa dola 0.60 kwa kila GB, mbali na dola 0.05 kwa kila GB kila mwezi za kuitunza. Mimi yalinikuta: niliondoa leseni nne, nikasifiwa kikaoni, na mwezi wa nne mhandisi akaomba michoro ya mtangulizi wake iliyokuwa katika OneDrive ya GB 200. Kuirejesha tu ni dola 120. Kabla hujagusa leseni yoyote, hamishia mafaili ya kazi kwenye tovuti moja ya SharePoint ya kampuni, yaani hifadhi ya pamoja ya mafaili iliyomo humohumo katika Microsoft 365, kwa sababu nafasi mnayo tayari: TB 1 ya kampuni nzima na GB 10 kwa kila leseni. Viungo vilivyokwisha kutumwa kwa watu huenda vikakatika, basi watangazie mapema.

Mzee wa Diski:
Kwa nini msipakue kila kitu kwenye diski ya nje? Mnanunua mara moja, yameisha.

Fundi Mitandao:
Mzee wangu, tulifanya hivyo. Faili la PST (faili moja ambamo Outlook, programu ya barua pepe, huhifadhi barua zilizopakuliwa) la GB 38 lilikaa miaka miwili katika sefu ya keshia, na siku mkaguzi alipolihitaji Outlook ikagoma kulifungua. Programu ya kulikarabati iliturudishia folda zenye majina yake yote, kila moja tupu. Diski iwe nakala ya pili, isiwe nakala pekee.

Dada wa Mikataba:
Kabla ya kuhamisha, chambueni. Kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe miaka mitano, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiwapi ruhusa ya kukaa na taarifa za mtu kupita muda zinapohitajika. Vyeti vya watoto na picha za harusi za aliyeondoka havina kazi kwenye tovuti ya kampuni, mpigieni avichukue. Na kama kati ya hao tisa yupo mwenye shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), sanduku lake litengeni na kuliwekea zuio la kufuta. Leseni yenu inaonekana kuwa Business Standard, ambayo haina uwezo huo, hivyo kwa huyo mmoja nunueni leseni ya barua pepe iitwayo Exchange Online Plan 2.

Karani wa Kurasini:
Nashukuru sana, dada na wakuu wote. Mwenye shauri hayupo. Nimepima masanduku yote: manane yako chini ya GB 20, lakini la aliyekuwa mkuu wa operesheni limefika GB 47, na mawakala wa meli bado wanalitumia kila siku. Nikiligeuza si litajaa kabla ya Krismasi?

Fundi Mitandao:
Litajaa. Lipe sanduku hilo anwani nyingine, kisha anwani ya zamani mpe aliyeshika nafasi yake kama anwani ya ziada. Barua mpya zitaingia kwake, na la zamani litabaki kwenye GB 47 zake.

Karani wa Kurasini:
Naanza Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, na OneDrive ndiyo ya kwanza.