Re: Karatasi mbili au moja? Kura ya Senedd kwa tunaoishi katikati na magharibi ya Wales

Kutoka: Newtown, Powys

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu wa makao ya wazee kunazunguka ujumbe kwamba siku ya uchaguzi wa Senedd, yaani bunge la Wales, utapewa karatasi mbili, ya kwanza ya mtu na ya pili ya chama. Mwingine akajibu kuwa ni moja tu. Tena wapo Warundi na Wakongo walioambiwa wasijisumbue kwa sababu nchi zao haziko Jumuiya ya Madola. Mwenye uhakika atufafanulie, hasa sisi wa mashambani. Wengine hatujui hata jimbo letu siku hizi linaitwaje.

Kutoka: Aberystwyth

Marahaba dada. Ujumbe huo si uongo, ila ni wa 2021. Alhamisi ya tarehe 7 Mei 2026 utapewa karatasi moja na kura ni moja. Hata hivyo inafaa kujua mfumo wa zamani ulivyofanya kazi, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayotumika hata sasa, na nusu ya ushauri mnaopewa na majirani umetoka huko.

Kuanzia 1999 hadi uchaguzi wa 2021, bunge la Cardiff lilikuwa na wajumbe 60. Kati yao 40 walichaguliwa majimboni, na 20 walitoka kanda tano, kila kanda wanne, kupitia orodha za wagombea za vyama. Kanda yetu iliitwa Mid and West Wales. Ilianzia rasi ya Llŷn hadi Llanelli, na kutoka bahari ya Pembrokeshire hadi mpaka wa England. Majimbo yake yalikuwa nane: Brecon and Radnorshire, Montgomeryshire, Ceredigion, Dwyfor Meirionnydd, Preseli Pembrokeshire, Llanelli, Carmarthen East and Dinefwr, na Carmarthen West and South Pembrokeshire. Nane ukijumlisha wanne wa kanda, ni viti 12.

Karatasi ya kwanza haikuwa na fumbo: anayeongoza kwa kura, hata chache, anachukua kiti. Llanelli mwaka 2011 tofauti ilikuwa kura 80. Waliokosea walikosea karatasi ya pili, wakidhani ni ya “chaguo la pili”. Sivyo. Ile ilikuwa kura kamili ya chama, na kazi yake ilikuwa kufidia vyama vilivyopata kura nyingi lakini viti vichache vya majimbo.

Fidia hiyo ilipatikana kwa kanuni ya D'Hondt. Unachukua kura za kanda za chama, unazigawanya kwa idadi ya viti ambavyo chama hicho kimeshapata ndani ya kanda, ukiongeza moja. Mwenye jibu kubwa anapata kiti, halafu unapiga hesabu upya mpaka viti vinne viishe.

Tufanye zoezi kwa namba za kubuni. Chama A kina kura 70,000 na majimbo 4. B kina 66,000 na majimbo 3. C kina 60,000 na jimbo 1. D kina 16,000 na E kina 13,000, wote hawana jimbo. Mzunguko wa kwanza A anagawanywa kwa 5, anabaki na 14,000. B kwa 4, ni 16,500. C kwa 2, ni 30,000. Kiti ni cha C. Mzunguko wa pili C anagawanywa kwa 3, ni 20,000, bado yuko juu, anachukua tena. Wa tatu C ameshuka hadi 15,000, kwa hiyo B anapita na 16,500 yake. Wa nne B ameshuka hadi 13,200, na D anachukua kwa 16,000.

Sasa chukueni kalamu, mnyang'anye A jimbo moja na kumpa D, kisha mrudie hesabu. Safari hii A anagawanywa kwa 4 na kuwa na 17,500, wakati D anagawanywa kwa 2 na kubaki na 8,000. Viti vya kanda vitakwenda C, C, A, B. Jumla ya A bado ni 4, na D bado ana 1. Jimbo limehama mkono, lakini uwiano haukutikisika. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wa mfumo huu mseto, na ndipo wanasiasa walipoumia. Mwaka 2011 chama cha Conservative kiliongeza jimbo la Montgomeryshire, na papo hapo kiongozi wao wa Wales, Nick Bourne, aliyekuwa mjumbe wa kanda hii tangu 1999, akapoteza kiti chake cha orodha. Ushindi wa mwenzake ndio uliomtoa.

Mwaka 2021 Conservative walichukua majimbo manne ya kanda, Plaid Cymru matatu, Labour moja. Viti vya kanda vikaenda Labour viwili, Plaid kimoja, Liberal Democrat kimoja. Conservative hawakupata hata kimoja cha orodha ingawa kura za orodha walikuwa nazo nyingi. Eluned Morgan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Wales kuanzia Agosti 2024, aliingia bungeni kwa orodha hiyo hiyo ya kanda, bila kushinda jimbo lolote.

Kwa wenzetu wa Tanzania: msifananishe na viti maalumu. Vile hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge bila kujali chama kimeshinda majimbo mangapi. Mwenye vingi anaongezewa vingi. Huku mwenye majimbo mengi alikuwa anakatwa.

Kutoka: Llanelli

Mwalimu wa Aberystwyth amemaliza ya kale, nami niongeze ya sasa.

Sheria ya 2024 imefuta majimbo 40 na kanda tano. Badala yake kuna majimbo makubwa 16, kila moja wajumbe sita, jumla 96. Wamechukua majimbo 32 ya Wales ya bunge la Westminster, yaani bunge la Uingereza nzima, wakayaunganisha mawili mawili. Majina ni ya Kiwelshi, kwa hiyo ukitafuta jina la zamani hutaliona. Kanda yetu imekatwa hivi: Ceredigion na Pembrokeshire wameunganishwa na kuwa Ceredigion Penfro. Carmarthenshire na Llanelli ni Sir Gaerfyrddin. Dada wa Newtown, wewe uko Gwynedd Maldwyn, jimbo moja na watu wa Pwllheli walioko upande wa pili wa milima. Brecon na Radnor wameunganishwa na Neath na mashariki ya Swansea, linaitwa Brycheiniog Tawe Nedd, kwa hiyo mkulima wa kondoo wa Knighton anapiga kura pamoja na mtu wa mjini Swansea. Sioni hekima yake, lakini ndiyo sheria.

Kwenye karatasi utakuta vyama, na chini ya kila chama majina ya wagombea wake, wasiozidi wanane. Weka alama ya X moja tu kwenye kisanduku cha chama, au cha mgombea binafsi. Ukiweka X mbili kwa mazoea ya 2021, kura imeharibika. Ukiandika 1, 2, 3, umejitafutia mashaka bure. Na huwezi kumchagua mgombea wa tatu ukamruka wa kwanza, kwa kuwa orodha ni funge na mpangilio ni wa chama. Binafsi hili halinipendezi. Mtu aliyewekwa namba moja na chama kikubwa amekwisha kuingia kabla kura hazijapigwa.

Mjumbe akijiuzulu au kufariki, hakuna uchaguzi mdogo. Anapanda anayefuata kwenye orodha ya chama. Viti vya kanda vilikuwa hivyo hivyo: mwaka 2018 Simon Thomas wa Plaid alipojiuzulu, Helen Mary Jones aliyemfuata kwenye orodha ndiye aliyekaa. Sasa utaratibu huo ni wa wajumbe wote wa vyama.

Kutoka: Newtown, Powys

Asanteni sana kaka. Swali la nyongeza: kama hakuna tena viti vya fidia, kura ya chama kidogo si inapotea?

Kutoka: Llanelli

Inategemea udogo wake, dada. Kanuni ni D'Hondt ile ile, ila sasa kila chama kinaanza na sifuri. Tuseme kura zote 82,000: A 30,000, B 24,000, C 14,000, D 9,000, E 5,000. Viti sita vinatoka kwa mpangilio huu: A kwa 30,000, B kwa 24,000, A tena kwa 15,000, C kwa 14,000, B kwa 12,000, na cha sita A kwa 10,000. D ana asilimia 11 ya kura na ametoka mikono mitupu. Angepata kura 1,001 zaidi kutoka kwa watu ambao hawakwenda kupiga kura, angempokonya A kile cha sita. Wale 5,000 wa E nao hawana mjumbe.

Kihesabu, chama kikipita moja ya saba ya kura za jimbo, yaani kama asilimia 14.3, hakiwezi kukosa kiti. Chini ya hapo ni bahati ya jinsi wengine walivyogawana. Katika kanda ya zamani viti vilikuwa 12 kwa pamoja, kwa hiyo chama kidogo kiliweza kuingia kwa asilimia ndogo zaidi. Ndiyo maana nasema mfumo mpya ni wa uwiano, lakini kwa vyama vidogo vya mashambani mlango umekuwa mwembamba. Usiangalie kura za maoni za Wales nzima. Angalia nani anapigania kiti cha sita kwenye jimbo lako.

Kutoka: Carmarthen

Naomba nijibu la Warundi na Wakongo, maana wengi wanakoseshwa haki kwa uvumi.

Kwa Senedd na mabaraza ya kaunti, raia wa nchi yoyote mwenye ruhusa halali ya kukaa Uingereza anaweza kupiga kura, ilimradi anaishi Wales na ametimiza miaka 16. Kwa Senedd sheria hiyo ni ya 2020, kwa mabaraza ni ya 2021. Viza ya uhudumu wa afya inatosha, ya masomo inatosha, na hadhi ya ukimbizi inatosha. Mwombaji hifadhi ambaye bado hajapewa ruhusa ya kukaa, hapana. Mambo ya Jumuiya ya Madola yanahusu Westminster: Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wanapiga kura huko pia, wakishatimiza miaka 18. Mrundi, Mkongo na Mwomani, hapana, mpaka wapate uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine inayokubaliwa.

Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya gov.uk. Andaa tarehe ya kuzaliwa, anwani, uraia na namba ya bima ya taifa. Huna namba hiyo? Jaza hivyo hivyo ueleze sababu, baraza litakuandikia likitaka hati nyingine. Mwisho ni saa sita usiku, Jumatatu 20 Aprili. Watoto wenu wa miaka 14 na 15 wanaweza kujiandikisha mapema, ingawa kura ni mpaka 16.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Fomu ina jina moja, viza ina matatu, na namba ya bima imesajiliwa kwa mpangilio mwingine. Andika kama lilivyo kwenye namba ya bima. La pili ni kuhama: ukitoka nyumba ya mwajiri wa kwanza kwenda ya pili, hata kama ni mtaa ule ule, unajiandikisha upya. Baraza likileta barua ya kuuliza ijibuni, msiitupe kwa kuwa imeandikwa Kiwelshi juu. Geuza, Kiingereza kipo.

Kutoka: Haverfordwest

Kwa wenye zamu za saa 12: vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, lakini ukiwa huna gari na kituo chako kiko kwenye ukumbi wa kijiji cha mbali, omba kura ya posta. Mwisho wa maombi ni saa kumi na moja jioni, Jumanne 21 Aprili. Hakikisha ombi linataja Senedd. Kuwa na kura ya posta ya Westminster hakumaanishi unayo ya huku.

Kifurushi kina karatasi ya kura, bahasha mbili na fomu ya tamko. Kura inaingia bahasha A na kufungwa, kisha A pamoja na tamko vinaingia B. Kwenye tamko weka sahihi na tarehe ya kuzaliwa. Watu wanaandika tarehe ya leo, na kura inakataliwa bila kufunguliwa. Sahihi nayo ifanane na ile ya kwenye ombi, kwa hiyo ukiomba kwa sahihi ya haraka ya kazini usije ukaleta ile ya pasipoti. Ukichelewa posta, ipeleke mwenyewe kituoni kabla ya saa nne usiku.

Kura ya wakala, yaani mtu mwingine kukupigia kura kwa niaba yako, mwisho wa kuomba ni Jumanne 28 Aprili. Mwajiri akikubadilishia zamu baada ya hapo, unaweza kuomba wakala wa dharura kwa sababu ya kazi hadi saa kumi na moja jioni ya siku yenyewe. Piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti asubuhi, usingoje mchana, maana fomu ina sehemu inayohitaji mwajiri athibitishe.

Na kitambulisho chenye picha hakitakiwi kwa Senedd, wala kwa baraza. Kinatakiwa kwa Westminster na kwa kamishna wa polisi. Msimamizi wa zamu akikuambia huwezi kwenda bila pasipoti, mwambie wewe unakwenda Senedd.