Kufika Ujerumani kwa masomo: nianze na lipi?

Mwanafunzi mtarajiwa, Morogoro
Habari zenu, wakubwa. Mwezi wa kumi ninatarajia kuanza shahada ya uzamili mjini Leipzig. Viza nimekwisha kuipata, na euro 11,904 zimo katika akaunti maalumu iliyozuiwa, ila nimeambiwa kwamba sitaweza kuzigusa mara tu nitakapotua. Je, nishughulikie jambo gani kwanza?

Mkazi wa Dresden
Karibu sana, mdogo wangu. Anza na kuandikisha makazi, kwa kuwa sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie, na cheti utakachopewa hapo utaulizwa karibu kila ofisi. Utatakiwa kupeleka fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mkataba wa pango pekee hautoshi, na ndiyo maana anayefikia kwa rafiki asiyekubali kusaini hukwama. Weka miadi kwa intaneti ukiwa bado Morogoro. Akaunti uliyoitaja hutoa euro 992 kila mwezi, tena baada ya kufungua akaunti ya kawaida, hivyo beba fedha za kukuvusha, maana dhamana ya chumba yaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Dada wa Hamburg
Naongezea bima ya afya, ambayo bila hiyo chuo hakitakusajili. Halafu ikija barua ya ada ya redio na televisheni, usidhani ni matapeli (wengi huitupa, kisha hudaiwa na faini): ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, kwa hiyo waulize kwanza unaoishi nao kama wanalipa. Na ukitua Jumapili, maduka mengi yamefungwa. Nunua mkate stesheni.