Naomba ushauri: ruta (mashine ya kuchonga kingo za mbao) inachana plaiwudi kwenye moldi ya ski

Wakuu habarini, niko Colorado huku na natengeneza moldi, yaani umbo la kubania ski za mbao (vibao vya kutelezea kwenye theluji) zipate mkunjo. Patani (kiolezo) nimechonga kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, nikaipiga msasa mpaka mkunjo wa ncha ukawa laini kabisa, sasa kila kipande cha plaiwudi cha kupanga kuwa moldi nakikata kwanza kwa jigsoo nabakiza milimita 2 hivi halafu napitisha ruta, beringi ya kisu chake inafuata patani. Sehemu iliyonyooka safi, ila pale ncha inapopanda kisu kinanyofoa nyuzi. Ninunue kisu cha beringi mbili ili niwe nageuza kipande, au cha spairo (chenye makali yaliyojisokota) kinatosha? Vipande vyote nanakili patani ileile maana tofauti zikijumlishana ski itapinda. Mliowahi kufanya naombeni msaada jamani.